Kufuli la Mwenye Sikio

Mjini Ngurumoni, mtu anayekusalimu bila kugonga sikio lake huhesabiwa hana adabu, hata awe na vyeti vya kujaza ukuta mzima. Odera alikuwa ameishi nasi tangu mvua za vuli na bado alikuwa akisahau. Asubuhi ile aliingia karakana na kompyuta kwapani, akasema, "Naipanoi, leo utanipitisha tu, hata usitafute miwani," huku mlango wa sikio lake ukiwa wazi na muziki wa kwao ziwani ukimwimbia kichwani. Nilijua ni muziki kwa sababu kidole chake kilikuwa kikipiga mdundo juu ya kompyuta.

"Gonga kwanza," nikamwambia.

"Wacha hizo bana. Sisi ni watu wa kazi."

"Gonga."

Akainamisha kichwa kidogo, akagonga mara mbili nyuma ya sikio, pale kwenye mfupa unapokaa Mnong'ono. Kidole kikatulia. Sasa nilikuwa na mtu kamili mbele yangu, na tungeweza kuongea.

Desturi hiyo haikutoka kwenye kitabu cha maelekezo. Kwetu Umaasaini kijana akikutana na mkubwa wake huinamisha kichwa kiguswe. Visima vya mvuke vilipochimbwa na mji ukaota juu yake, kila mtu akapandikizwa Mnong'ono, maana ngurumo ya visima humaliza masikio ya binadamu mapema sana. Kifaa hicho kidogo huizima ngurumo, hupitisha sauti ya aliye karibu nawe, na huleta sauti za mbali: simu, muziki, matangazo ya zamu, tahadhari. Ukigonga mara mbili unafunga mlango wa sauti za mbali na kubaki na aliye mbele yako peke yake. Vijana wakaanza kuinama na kugonga kwa pamoja, Wakalenjin na Wakikuyu na Waluhya waliokuja kutafuta kazi wakaiga, na sasa hata mapadri hugonga kabla ya kumsikiliza anayeungama.

Mimi nilizaliwa karibu mno na kisima cha kwanza. Usikivu wangu wa kuzaliwa uliisha kabla sijajua kusoma, na sauti ya mama yangu naijua kupitia Mnong'ono tu. Kwa hiyo anayeuchezea msimbo wa kifaa hicho, zile amri zinazokiendesha, anachezea sauti ya mama yangu, na hilo mimi humwambia kila mwandishi mpya wa msimbo siku ya kwanza, ili asije akasema hakuonywa.

Kazi yangu ni ukaguzi wa makufuli. Sokoni jina hilo huwapotosha watu; kuna mama aliwahi kuniletea sanduku la bati lililopotezewa ufunguo, akakasirika nilipomwambia siwezi kulifungua. Makufuli yangu hayashikiki. Ndani ya kifaa chochote kuna shughuli nyingi zinazokimbia kwa wakati mmoja, na shughuli mbili zikikigusa kitu kimoja pamoja, zinakiharibu. Ndipo kila kitu cha kugombaniwa kikapewa kufuli: anayetaka kukigusa alichukue kwanza, na mwingine asubiri hadi liachiwe. Ni utaratibu wa choo cha uani, hakuna zaidi. Matatizo huanza pale shughuli moja inapohitaji makufuli mawili.

Odera alikuwa ameandika upya kiendeshi cha Mnong'ono, yaani ule msimbo unaokaa kati ya kadi ya sauti iliyo mfupani na kila kitu kingine. Kisima cha tisa kilikuwa kifunguliwe kesho yake adhuhuri, na ngurumo yake ilikuwa kubwa kuliko uwezo wa Mnong'ono wa zamani. Bila kiendeshi kipya, zamu ya Mzee Kibiwott, msimamizi wa mafundi wa visimani, ingeingia pale na masikio yasiyotosha. Na kiendeshi kisingewekwa bila sahihi yangu.

Nikakaa, nikaanza kusoma.

*

Msimbo wa Odera ulikuwa mzuri. Nasema hivyo bila choyo, maana mimi si mwepesi wa kusifu. Majina yalieleweka, kila kufuli lililochukuliwa liliachiwa hata pale mambo yalipoharibika njiani, na hakuna mahali shughuli iliposinzia ikiwa imeshika kufuli ambalo wengine wanalisubiri kwa haraka. Nilikunywa chai kikombe kizima bila kuandika neno. Odera alikuwa akinitazama kutoka meza ya pili kama mwanafunzi anayesubiri matokeo, ila mwanafunzi huyu alikuwa na uhakika wa kuongoza darasa.

Kisha nikafika mahali kadi ya sauti inapopiga kelele.

Kadi hufanya hivi: ikimaliza kupiga kipande kimoja cha sauti, hukatiza kila kinachoendelea na kuomba kipande kingine. Shughuli inayoitikia ombi hilo tunaiita kikatizi. Kikatizi cha Odera kilichukua kufuli la kadi, kikatazama ni sauti gani imefika, na kikiwa bado kimelishika kikaenda kwenye mlango wa mwenye sikio na kuomba kufuli la mlango, ili kijue kama mwenyewe amefungua au amefunga.

Nikaruka hadi upande wa kidole. Mtu akigonga kufunga, shughuli ya kufunga ilichukua kufuli la mlango kwanza. Halafu, ikiwa bado imelishika, ikaomba kufuli la kadi ili isimamishe sauti.

"Odera," nikaita. "Njoo uone watu wako wawili. Huyu ameshika cha huyu, na huyu ameshika cha huyu. Nani atamwachia mwenzake?"

Hakushtuka hata kidogo. "Niliona hiyo. Nilipiga hesabu. Lazima mtu agonge katika punje ya wakati ule ule ambao kadi inakatiza. Kwa matumizi ya kawaida, itatokea mara moja kwa miaka mingi kuliko umri wa mji huu. Na si mimi niliyeiandika. Sehemu hiyo nimeirithi vile ilivyokuwa kwenye kiendeshi cha zamani, haijawahi kusumbua mtu."

"Katika hesabu yako, watu hufunga masikio saa ngapi?"

"Saa yoyote. Bahati nasibu."

Nikacheka, na nakiri nilicheka kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. "Bahati nasibu! Odera, wewe hapa ni mgeni kweli. Tahadhari ikilia, mtu wa Ngurumoni hufanya nini kwanza?"

"Hukimbia?"

"Hugonga. Mlio wa kwanza wa tahadhari ukisikika, msimamizi wa zamu hufungua mdomo, na watu wake wote huinamisha kichwa na kugonga, wamsikie yeye peke yake. Ni mkubwa wao anayeongea. Na wakati huo huo vipande vinavyofuata vya tahadhari ndivyo vinaingia kwenye kadi, kimoja nyuma ya kingine, kila kimoja na kikatizi chake. Kwenu mambo haya mawili yanakutana kwa ajali. Kwetu moja linaliita jingine."

Nilimwona akirudia hesabu kichwani, safari hii na namba za kwetu, na uso ukabadilika rangi. Kadi ikikwama, mlango nao umekwama, na hakuna sauti inayofika sikioni bila kupitia kadi. Hapo ngurumo haipiti, tahadhari haipiti, wala sauti ya aliye mbele yako haipiti. Mtu anabaki amesimama katikati ya mvuke na ukimya mtupu.

"Haki ya Mungu," akasema taratibu. "Zamu nzima."

"Si wote. Lakini mmoja anatosha."

*

Daktari Mutheu, mkuu wa mradi, alitusikiliza hadi mwisho bila kutukatiza. Ni mwanamke wa Kitui, mrefu, asiyependa maneno mengi, na hakuna mtu Ngurumoni anayegonga kwa adabu kuliko yeye. Nilipomaliza akauliza swali moja.

"Makufuli mawili yanagombana. Si tuondoe moja?"

"Lipi?"

"La mlango. Tahadhari isiombe ruhusa ya mtu. Iingie tu. Kufuli lisilokuwepo haliwezi kukwama, ama nimekosea?"

Odera akainua kichwa. "Hujakosea, Daktari. Msimbo utapungua hata. Naweza kumaliza kabla ya chakula cha mchana."

Niligeuka nikamtazama, akashusha macho.

"Ukiliondoa kufuli la mlango," nikasema, "mlango wenyewe haupo tena. Hakuna njia ya kuiambia kadi kwamba tahadhari iingie na tangazo libaki nje. Kwa kadi sauti zote za mbali ni sauti moja. Shirika la visima litaingia kichwani mwa mtu saa lipendayo. Akiwa amelala. Akiwa anazika. Mama yake akimpa wosia."

"Atakuwa hai ausikie huo wosia."

"Daktari, mimi sina masikio mengine. Hiki ni kichwa changu."

"Nacho kichwa cha Muli kilikuwa chake," akasema.

Chumba kikawa kidogo ghafla. Muli alikuwa mumewe, fundi wa mabomba, na alikufa kisima cha nne kilipopasuka. Wote mjini tulijua habari hiyo. Kwenye mvuke mzito macho hayana kazi. Msimamizi akishatoa maagizo na kutangulia, sauti yake huwa ya mbali, na watu hufungua tena masikio wakaifuata, mmoja baada ya mwingine. Wote walitoka isipokuwa Muli. Uchunguzi ulipofanyika, kifaa chake kilionyesha mlango umefungwa, na ikaandikwa kwamba marehemu alikuwa amejifungia sikio na hakulifungua tena.

"Nimelea watoto wawili," Daktari Mutheu akaendelea, sauti ikiwa ile ile ya kutulia, "wanaoniuliza kwa nini baba yao alifunga na hakufungua. Sina jibu la kuwapa. Wewe unaniambia heshima, kichwa changu, mlango wangu. Mimi nilizika matokeo ya huo mlango. Sasa nijibu kama mkaguzi. Msimbo usio na kufuli la mlango unaweza kukwama?"

Nilitamani kusema unaweza. Ingekuwa rahisi, ni nani angejua? "Hauwezi," nikajibu. "Utakuwa safi."

"Na kazi yako ni makufuli, si siasa."

"Ndiyo."

"Basi weka sahihi."

"Siweki."

Iliniuma kusema vile mbele ya mjane, na bado nilijua niko sahihi. Mambo hayo mawili yalikaa ndani yangu pamoja bila kusukumana. Nikamweleza nilichokuwa nimekwisha kukiona tangu karakana. Kosa halikuwa kwamba makufuli ni mawili. Kosa ni kwamba kikatizi kilienda kubisha hodi mlangoni kwa mtu kikiwa bado kimeng'ang'ania kufuli la kadi. Kinakili sauti iliyofika, kiachie kufuli la kadi, ndipo kiende mlangoni mikono mitupu. Kikikuta mlango umefungwa, kisiingie, ila kimtikise mwenye sikio kwenye mfupa, ajue kuna hodi, na afungue mwenyewe.

"Na asipofungua?" akauliza.

"Hatasikia."

"Atakufa."

"Huenda. Sitakudanganya."

Alinitazama muda mrefu. Nadhani alitegemea nipunguze makali ya jibu lile. Halafu akavuta shuka lake la mabegani, akasimama. "Kuna desturi yenu huko karakana. Anayepinga hukaa mezani."

"Ndiyo, Daktari."

"Mimi napinga. Tayarisheni meza. Na mwiteni Mzee Kibiwott, watu wake ndio wanaoingia kesho. Mkinionyesha kwamba hiyo njia yako haikwami, nitaamua mimi, na nitaamua leo."

*

Kuigiza makufuli ni jambo ambalo wageni hulicheka hadi siku linapowaokoa. Kompyuta ikijaribu msimbo mara elfu, hujaribu yale yanayotokea mara elfu. Balaa haiko hapo. Kwa hiyo sisi tunaucheza. Kila shughuli huchezwa na mtu aliyeshika karatasi ya mistari yake. Makufuli huwa ya kweli, ya chuma, yamewekwa mezani karibu na chupa ya chai. Hakuna anayeruhusiwa kusoma mstari hadi mkaguzi amwonyeshe kidole, na mkaguzi ana kazi moja tu, kuwa mchokozi: kumsimamisha huyu pabaya, kumsogeza yule papo hapo, kutafuta mpangilio mbaya kuliko wote. Mimi katika uchokozi huo sina mpinzani.

Nikaweka kufuli jekundu kuwa la kadi na jeusi kuwa la mlango. Odera akawa kikatizi. Daktari Mutheu, kwa kuwa ndiye anayepinga, akawa mwenye sikio. Mzee Kibiwott alifika akiwa na kofia ya kazini mkononi, mzee mfupi mwenye mabega mapana na sauti iliyotoa watu kwenye mvuke mara nyingi. Akamwinamia Daktari, akagonga.

"Mama, habari ya nyumbani?"

"Nzuri, Mzee. Kaa hapo utazame. Kama kitu hakieleweki, sema."

Utaratibu unataka tuanze na msimbo wenye kosa, wote waone kosa kwa macho, ndipo tuje kwenye dawa. Nikamwonyesha Odera kidole.

"Kadi imemaliza kipande," akasoma. "Nachukua kufuli la kadi." Akalichukua jekundu.

Nikamsimamisha hapo hapo, nikahamia upande wa pili. "Daktari. Mlio wa kwanza umelia. Mzee Kibiwott amefungua mdomo kuongea na watu wake."

Daktari Mutheu akainama, akagonga nyuma ya sikio, akasoma: "Nachukua kufuli la mlango." Akalichukua jeusi. "Naomba kufuli la kadi."

"Amelishika Odera. Subiri. Odera?"

"Naomba kufuli la mlango."

"Amelishika Daktari. Subiri."

Wakabaki hivyo, kila mmoja na chuma chake mkononi na jicho kwenye chuma cha mwenzake. Ni mkwamo mtupu, na ukiutazama mezani ni kitu cha kipumbavu sana. Nikaacha kimya kikae kidogo, maana katika hatua hiyo kimya ni sehemu ya onyesho.

"Daktari, sasa wewe huna sauti yoyote," nikasema. "Mzee anaongea, humsikii. Tahadhari inalia, huisikii. Unafanya nini?"

"Nafungua."

"Vipi?"

"Nagonga." Akagonga mara mbili.

"Soma mstari."

Akaisogeza karatasi karibu. "Kufungua kunaomba kufuli la mlango." Akalitazama jeusi lililokuwa mkononi mwake mwenyewe. "Lakini lipo kwangu."

"Lipo kwa ile shughuli yako ya kufunga, ambayo bado inasubiri. Haijaisha. Ya kufungua inapanga foleni nyuma yake."

"Kwa hiyo nagonga tena."

"Gonga."

Akagonga. Akangoja. Akagonga tena, sasa kwa nguvu zaidi, kidole kikimpiga mfupani, na uso wake ukaanza kufanana na wa mtu ambaye hayuko kwenye mchezo. Akagonga mara ya tatu, na ya nne.

Kiti kikasukumwa nyuma. Mzee Kibiwott alikuwa amesimama.

"Mama," akasema. "Mama, acha kwanza."

"Nini, Mzee?"

Aligeuza kofia mikononi. "Siku ile ya kisima cha nne, kabla mvuke haujatufunika, nilimwona Muli. Alikuwa mbali kidogo na mimi, umbali wa pale mlangoni. Mlio ulilia, nikaanza kuongea, watu wakagonga. Yeye pia. Halafu akagonga tena. Akagonga tena. Alikuwa ananitazama usoni na anagonga vile vile unavyogonga wewe sasa. Mimi nikasema moyoni, huyu mwanaume ana heshima mpaka inapita, nimeshamwona amefunga, anagonga ya nini tena. Halafu mvuke ukaja."

Odera alikuwa bado ameshika jekundu.

"Sikujua, mama. Haki sikujua. Ningejua ningemfuata nimshike mkono."

Daktari Mutheu alimgeukia Odera polepole. "Hii sehemu ulisema umeirithi."

"Ndiyo, Daktari. Sijaigusa. Iko vile vile ilivyokuwa kwenye vifaa vya kwanza kabisa."

"Kile cha Muli."

"Ndiyo."

Kisha akanigeukia mimi. "Lakini kifaa kilionyesha amefunga. Nilikiona kwa macho yangu. Hakuna mahali palipoonyesha ameomba kufungua hata mara moja."

Nilimjibu kwa uangalifu, na si kwa sababu nilikuwa na shaka. "Kifaa huhifadhi amri iliyokwisha kulipata kufuli la mlango, Daktari. Mlango uliwekwa alama ya kufungwa kabla shughuli haijakwama kwenye kadi. Amri za kufungua hazikufika mahali pa kuhifadhiwa. Zilikuwa kwenye foleni. Hata angegonga mara mia, kifaa kingesema alifunga."

Alikaa. Sikuona machozi, niliona tu jinsi vidole vilivyolibana lile kufuli jeusi. Mzee Kibiwott akaenda akasimama nyuma ya kiti chake, mkono kwenye egemeo, bila kumgusa. Mimi moyo ulinijaa hasira ambayo haikuwa na mtu wa kumwangukia, maana walioandika kiendeshi kile cha kwanza walishaondoka Ngurumoni zamani, na pengine hawajui hadi leo.

"Tunaweza kuishia hapa," nikasema. "Tuendelee baadaye."

"Hapana," akasema. "Nataka kuliona likifunguka."

*

Tukaanza upya na msimbo wangu. Odera akachukua jekundu, akanakili kipande cha sauti kwenye karatasi, akalirudisha jekundu mezani, ndipo akaomba jeusi. Nikamsimamisha kila mahali panapowezekana. Nikamfanya Daktari agonge katikati ya mstari, kabla ya mstari, mara mbili mfululizo. Nikaleta kikatizi cha pili, nikamwomba Mzee Kibiwott akicheze, akasoma mistari yake kwa sauti ya kuamrisha bomba. Kila mara mmoja alisubiri kidogo na mwingine akapita. Hakuna aliyebaki na chuma anachokihitaji mwenzake.

Odera ndiye aliyenikamata, na nampa haki yake. "Ngoja. Nikishaachia jekundu, kabla sijafika mlangoni, mwenye sikio akizima kifaa kabisa? Nitabisha hodi kwenye nyumba iliyobomolewa."

Hilo lilikuwa swali zuri kuliko yote ya siku ile, na nilifurahi kwamba limetoka kwake. Tukaongeza mstari mmoja: kabla ya kuachia kufuli la kadi, kikatizi kijiandikishe kuwa ni mgeni wa mlango ule, na kifaa kisikubali kuzimwa hadi wageni wote waage. Tukacheza tena tangu mwanzo. Nilichokoza hadi nikaishiwa na uchokozi, jambo ambalo hutokea kwa nadra.

"Haukwami," nikasema mwishowe. "Naweka sahihi kwa mkono wangu, na mimi nitakuwa wa kwanza kuuvaa leo, kabla ya mtu yeyote wa zamu."

Daktari Mutheu aliliweka kufuli jeusi mezani. "Mlango ubaki kwa mwenyewe. Hodi itikise mfupa, itikise kwa nguvu. Wekeni."

Ningeweza kunyamaza hapo. Nilikuwa nimepata nilichotaka. Lakini sikupenda nishinde kwa huruma. "Daktari, ya Muli hayakujibu swali lako. Siku moja mtu atabishiwa hodi, ataisikia kwenye mfupa, na hatafungua. Jina langu litakuwa limeandikwa kwenye msimbo huo."

"Najua," akasema. "Na langu litakuwa chini ya lako. Huyo atakuwa amejiamulia, na nitamlilia vile watu wanavyoliliwa. Lakini sitamnyang'anya kila mtu mlango kwa ajili ya kosa ambalo Muli hakulifanya."

Odera alikwenda kuandaa kiendeshi. Mzee Kibiwott akavaa kofia, akamshika Daktari mkono kwa mikono yake miwili, akatoka kwenda kuwaambia watu wake kwamba kesho wataingia. Mimi nilikuwa nakusanya karatasi nilipomwona Daktari Mutheu akisogea dirishani, akitafuta jina kwenye simu. Nikataka kuondoka nimpishe, akaniashiria nikae.

"Mumbua," akasema. "Uko kazini? Basi tafuta mahali ukae. Na umpigie ndugu yako aingie kwenye simu hii, nataka mnisikie wote wawili pamoja." Akangoja. Nje, mvuke wa kisima cha tatu ulikuwa ukipanda mweupe, bila sauti yoyote ya kutufikia. "Hapana, hakuna aliyefariki. Ni habari ya baba yenu. Sikilizeni, wanangu. Hakujifungia. Alitaka kutusikia hadi mwisho."